Tricky au SSX 3: ipi ikae kwenye chumba chako cha gemu?

Swali la msomaji wa Kisauni: "Nina chumba kidogo cha gemu, PS2 (PlayStation 2) nne. Wateja wangu wengi ni wa mpira, lakini kuna vijana wameshikana na SSX Tricky, ile gemu ya kuteleza kwenye theluji kwa ubao, hawaiachi. Juzi nimeletewa SSX 3, na muuzaji ananiambia hii ndiyo mpya zaidi, imeipita ile ya zamani kwa kila kitu, niiondoe Tricky kabisa. Usiku nikaijaribu mwenyewe nikaipenda. Vijana wangu wameicheza kidogo tu wakarudi kwa Tricky. Je, hawajaielewa, au nimeuziwa maneno? Na watoto wa hapa ambao theluji hawajawahi kuiona, wataendelea kupenda gemu za namna hii?"

Ndugu yangu, vijana wako wameielewa SSX 3 sawasawa, na muuzaji naye amesema kweli kwa upande wake. SSX 3 imetengenezwa kwa ustadi zaidi. Mlima wake ni mkubwa, mwendo wake ni laini, na mtu akikaa nayo peke yake nyumbani haimchoshi upesi. Ila Tricky ilitungwa ikiwafikiria watu wanaoteleza, na SSX 3 ikatungwa ikiufikiria mlima wanaotelezea. Chumba chako wewe kinaendeshwa na watu: wawili wameshika pedi, watano wako nyuma wanapiga makelele wakingoja zamu. Kwa hivyo Tricky usiiondoe. SSX 3 nayo iweke, lakini iweke mahali pake, na nitakueleza ni wapi.

Gemu zote mbili ni za EA Canada, watengenezaji wa gemu waliokuwa Burnaby karibu na Vancouver, na zilitolewa kwa jina la EA Sports BIG. Aliyeanzisha mfululizo huu ni Steven Rechtschaffner, mmoja wa watu waliobuni mbio zenyewe za ubao wa theluji, zile ambazo watelezaji kadhaa huachiwa pamoja kwenye njia moja yenye matuta na kona, na anayefika chini mwanzo ndiye mshindi. Hayo yalifanyika mwaka 1991 kwenye mlima wa Blackcomb, British Columbia, na mwaka 2006 mbio hizo zikaingia Olimpiki kule Turin. Kwa hivyo mizizi ya gemu hii ni watu kubanana kwenye njia nyembamba. SSX ya kwanza ilitoka Oktoba 2000, siku zile zile PS2 ilipoingia madukani Marekani.

Tricky ikafuata mwishoni mwa 2001, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Tricky yenyewe ni ukarabati. Njia nyingi zilizomo ni zile zile za gemu ya kwanza, zikarekebishwa, kisha zikaongezwa mbili mpya, Garibaldi na Alaska. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yake: njia zilikuwepo tayari, kwa hivyo jasho likamwagika kwa wahusika na mbwembwe zao, yaani ile mitindo ya kujipindua hewani. SSX 3 ilipokuja Oktoba 2003, njia za zamani ziliachwa, ukajengwa mlima mpya kuanzia kileleni hadi chini. Jasho lilihamia huko.

Itazame Tricky kwa jicho hilo. Ina watelezaji 12, na kila mmoja ana kinywa chake. Walitafutwa waigizaji na waimbaji wenye majina: Lucy Liu ndiye Elise, Billy Zane ni Brodi, Macy Gray ni Seeiah, Oliver Platt ni Luther, na David Arquette ndiye Eddie, yule wa afro kubwa nyekundu. Mtangazaji wa mbio ni Rahzel, bingwa wa kupiga ngoma kwa mdomo, na hanyamazi. Kila mtelezaji ana marafiki na mahasimu, na uhusiano huo hubadilika kulingana na unavyomtendea mtu njiani. Ukimsukuma mwenzako akaanguka, kipimo chako cha nguvu, ile inayokuongezea kasi, kinajaa hapo hapo, na yeye anakuwekea kinyongo. Vijana wa chumba cha gemu hawahitaji kuelezwa hayo mara mbili.

Halafu kuna zile herufi. Mtazame mchezaji wako mzuri akiwa Garibaldi. Kabla ya ukingo anabana X, anakandamiza mishale ili mwili uanze kujipinda, anaachia. Akiwa hewani anaushika ubao kwa vitufe vya mabegani, anaachia mapema, anatua. Kipimo kinapanda. Anafanya hivyo tena na tena bila kuanguka mpaka kipimo kinajaa, na papo hapo wimbo wa kundi la rap la Run-D.M.C. ulioipa gemu jina lake unaingia. Kuanzia hapo ana muda mfupi wa kupiga mbwembwe kuu, zile ambazo mtelezaji huchomoa mguu kwenye ubao akiwa juu hewani na kufanya mambo ambayo kwenye mlima wa kweli yangemvunja shingo. Kila akitua salama, herufi moja ya neno TRICKY inawaka kwenye skrini. Zikitimia zote sita, nguvu haimwishii tena mpaka mwisho wa mbio.

Sasa wageukie walioko nyuma. Hata aliyechungulia dirishani na hajawahi kushika pedi maishani anaelewa: huyu ana herufi tano, imebaki moja, na mbele kuna mruko mkubwa. Akitua, chumba kinalipuka. Akianguka, chumba kinalipuka vile vile. Mbio zinamalizika kwa dakika chache, pedi inahama mkono, anayefuata anaketi. Gemu za aina hiyo ni chache, na ndiyo maana vijana wako wamerudi kwake.

Kasoro inazo. Wahusika wanarudia maneno yao mpaka unayajua kwa moyo. Njia haziungani, kila moja ni kisiwa, ukimaliza unarudishwa kwenye orodha kungoja nyingine ipakiwe. Na ukitaka kuteleza tu, bila kelele za mtu, Tricky haikuachi utulie.

SSX 3 inaanzia hapo hapo ambapo Tricky imekatika. Ni mlima mmoja wenye vilele vitatu. Kilele cha kwanza ni cha wanaojifunza, miteremko yake ina huruma. Humo imo Metro City, njia inayopita katikati ya majengo na taa usiku. Cha pili ni kikali zaidi. Cha tatu ni jabali na theluji tupu, na huko theluji yenyewe huporomoka nyuma yako ukalazimika kuikimbia. Ukimaliza njia moja unaendelea kuteleza hadi kwenye nyingine bila kurudi kwenye orodha yoyote. Ukishafungua vilele vyote unaweza kushuka kutoka ncha ya juu mpaka chini kabisa kwa mkupuo mmoja, na safari hiyo inachukua karibu nusu saa. PS2 ina kumbukumbu ya MB 32 tu, kwa hivyo mlima mzima hauingii kwa pamoja. Inachofanya ni kusoma kipande kilicho mbele yako kutoka kwenye diski na kukitupa ulichokipita, na wewe huoni kitu. Mimi hadi leo nikiushuka mlima ule nawavulia kofia waliofanya kazi hiyo.

Kelele za Rahzel hazipo tena. Mahali pake kuna redio ya mlimani na mtangazaji wake, DJ Atomika, anayekueleza hali ya hewa, mbio zinazokuja, na hata jinsi wewe mwenyewe unavyoendelea. Ni sauti ya mtu anayekusindikiza. Ukiwa peke yako usiku, kama ulivyokuwa wewe ulipoijaribu, redio ile ni raha tupu. Saa kumi jioni, mashine nyingine tatu zinacheza mpira kwa sauti ya juu, hakuna anayeisikia.

Wahusika nao wamepunguzwa wakawa 10. Sita ni wale tunaowajua: Elise, Kaori, Mac, Moby, Psymon na Zoe. Wanne ni wapya: Allegra, Nate, Viggo, na kitoto kinachoitwa Griff. Eddie wa afro hayumo kwenye orodha ya kawaida, wala Luther, wala Seeiah. Usishangae mteja akiweka SSX 3, akapekua majina, akauliza "Eddie yuko wapi?" kisha akatoa diski. Mambo ya urafiki na uadui nayo yamefifia sana. Hapa naona watengenezaji walipoteza kitu bila sababu, kwani mlima mpana haukuwazuia kuwaacha wahusika na vinywa vyao.

Kwenye ufundi wa vidole, lakini, SSX 3 imeiacha Tricky mbali. Katika Tricky ukishatua, mnyororo wa mbwembwe zako, zile zinazofuatana na kuhesabiwa pamoja, unakatika upesi, na kila mruko unakaribia kusimama peke yake. SSX 3 ilileta njia ya kuuweka hai: ukitua, unatumia kijiti cha kulia kuteleza kwa ncha ya mbele au ya nyuma ya ubao, mnyororo unaendelea, unapanda reli ya chuma na kuteleza juu yake, unaruka tena, unasimama kwa mkono mmoja juu ya ukingo, unaendelea. Mtu hodari anaweza kuushusha mlima kipande kirefu bila mnyororo kukatika hata mara moja, na pointi zikawa nyingi mno. Lakini ufundi huo unataka kukaa nayo. Anayelipia mchezo mmoja mmoja hapati nafasi ya kujifunza, atakachofanya ni kuruka na kuanguka, na ataona Tricky ilikuwa tamu zaidi. Usimlaumu.

Kuna na pesa. Ukishinda katika SSX 3 unapewa fedha za humo ndani, unanunua nguo, mbao, ujuzi, mbwembwe mpya. Mtelezaji wako anakua pamoja nawe. Nyumbani hiyo ni sababu ya kuamka mapema. Kwenye chumba chako, mtoto wa asubuhi anaijaza pesa na yule wa jioni anazitumia kumvalisha Psymon apendavyo yeye, na ugomvi unaanzia hapo.

Sasa ushauri wenyewe. Tricky iache kwenye mashine iliyo karibu na mlango, itoze kwa mbio kama unavyotoza mpira. SSX 3 ipe mashine ya pembeni, na uitoze kwa muda, nusu saa au saa nzima. Wapo wateja wa namna hiyo: anayekuja mchana peke yake joto la kaskazi likiwa limewatawanya wengine, anayetaka kutulia, dada anayemngoja mdogo wake. Hao waonyeshe mlima. Tena waambie mapema kwamba safari ya kilele hadi chini ni ndefu, maana stima ikipotea dakika ya 25 hakuna kinachorudi, na hasira zote zitakuangukia wewe.

Ukitaka vijana wa Tricky waionje SSX 3 kwa haki, usiwaanzishe kwa mbio. Waanzishe kwa mashindano ya pointi, mmoja baada ya mwingine, njia ile ile, na mmoja wao awe ameshajifunza kile kijiti cha kulia. Wakimwona mwenzao akiteleza muda mrefu bila mnyororo kukatika, watataka kujua amefanyaje. Kugawana skrini kwa wawili kunawezekana kwenye zote mbili, ila kwa televisheni ndogo zile zenye kisogo, weupe wa kilele cha tatu ukikatwa nusu ni taabu kuusoma. Njia za Tricky, kwa rangi zake kali, zinaonekana vizuri zaidi.

Umeuliza kuhusu theluji na watoto wetu. Mimi sina wasiwasi hata kidogo. Mtoto wa Kisauni hajaona theluji, lakini amewaona vijana wa sarakasi wakijipindua mchangani Bamburi, na pengine yeye mwenyewe amejirusha baharini kichwa chini miguu juu. Kuruka, kuzunguka na kutua salama anakujua tangu zamani, na SSX ni hayo matatu. Waonyeshe njia ya Tricky inayoitwa Aloha Ice Jam: ni jabali la barafu lililovutwa hadi Hawaii, watu wanateleza juu yake huku bahari ya nchi ya joto imewazunguka. Nimeona watoto wakiichagua hiyo kwanza na kuicheza mpaka wanafukuzwa.

Na tusiseme theluji si yetu. Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 katika mbio ndefu za kuteleza, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamngoja kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Miaka 20 baadaye, kule Pyeongchang, Sabrina Simader aliteremka milima akiwa na bendera ya Kenya kifuani. Alizaliwa Kilifi, hapo tu mbele yetu, akahamia Austria akiwa mdogo. Mtoto akikuuliza kama kuna mtu wa Pwani aliyewahi kufanya mambo haya kweli, unalo la kumjibu.

Muuzaji akikuletea matoleo ya baadaye, haya ndiyo ya kujua. SSX On Tour ya 2005 pia ni ya PS2 na inakuruhusu kuchagua ski, zile mbao mbili za miguuni, badala ya ubao mmoja. Si mbaya, ila haijawahi kushika roho za watu kama hizi mbili. SSX ya 2012 ni ya PS3 na Xbox 360, na usiinunue kwa ajili ya chumba, maana haina kabisa nafasi ya watu wawili kucheza kwenye skrini moja. Ukija kupata Xbox One siku moja, SSX 3 ya Xbox ya zamani inacheza humo na inapendeza. Kucheza kwa mtandao, ambako SSX 3 ilikuwa nako kwenye PS2, seva zake zilizimwa zamani, kwa hivyo asikuongezee bei kwa hilo.

Mwisho ni vifaa. Zote mbili huanza zikiwa zimefungwa: Tricky hukupa njia chache na watelezaji wachache mpaka ushinde medali, na SSX 3 inaficha kilele cha pili na cha tatu. Kwa chumba cha biashara, mteja asikute milango imefungwa. Tafuta memori kadi ya MB 8 iliyo nzima, ukae mwenyewe usiku ufungue kila kitu, au mpe kazi hiyo kijana hodari kwa kumwachia acheze bure. Kisha nakili faili kwenye kadi ya pili uiweke mbali na chumba, maana kadi moja ikiibwa au ikifutwa na mtoto, kazi yote imekwenda.

Diski ya SSX 3 iangalie kwa makini kuliko ya Tricky. Kwa kuwa inasoma mlima huku mtu anateleza, mkwaruzo mdogo au jicho la leza lililochoka litaonekana katikati ya mteremko: picha inaganda, theluji ya mbele haitokei. Mashine zetu zinakula vumbi na unyevu wa chumvi, na majicho mengi yamechoka bila mwenyewe kujua kwa sababu gemu ya mpira bado inafunguka. Kabla hujalipa, iweke kwenye mashine yako iliyo dhaifu kuliko zote, si ile ya muuzaji. Usiridhike na orodha ya mwanzo kuonekana. Ingia kilele cha kwanza, shuka mpaka njia ikuingize kwenye nyingine, na usimame hapo mahali pa kuungania usikilize mashine. Ikikwaruza na kurudia kusoma hapo, mrudishie diski yake umwombe nyingine.